Kioo Alichokisugua Gesare

Kila Ijumaa baada ya vipindi, Gesare wa kidato cha kwanza alisafisha maabara ya shule yao karibu na Nyakoe. Kwa kusugua hakuwa na mpinzani. Nyumbani, yeye na mama yake waling'arisha vinyago vya jiwe la sabuni kwa msasa na maji mpaka vikateleza mkononi.

Ijumaa moja aliona kipande cha kioo ndani ya bilauri ya maji vuguvugu, kimeshika utando mweupe. "Uchafu gani huu?" Akatoa msasa mfukoni, akakisugua hadi kikang'aa, akakirudisha.

Jumatatu, Mwalimu Ombati alisimama mbele ya darasa, uso umemshuka. "Nani amegusa kioo changu?"

Kioo hicho hakikuwa cha dirisha. Rafiki wa Mwalimu, daktari, alikituma kutoka ng'ambo. Maji yale yalitiwa chumvichumvi kama za majimaji ya mwilini. Humo kioo huachia chumvi zake taratibu, na juu yake huota utando unaofanana na mfupa. "Kikitiwa mwilini, mfupa hukishika kama ndugu yake," Ombati alisema. "Na ndio utando uliokwanguliwa!"

Mwalimu mkuu alipoitwa, hakuchunguza. Mwenye ufunguo wa maabara alikuwa Mzee Nyangau, mfagizi, naye akaletwa darasani. Ndivyo ilivyokuwa miaka ile: wakubwa wakiharibikiwa, hutafutwa mtu asiye na viatu.

"Kusanya vitu vyako, mzee. Uende."

"Bwana Mkuu, mimi nafagia sakafu tu!"

Bochaberi, aliyeketi naye dawati moja, alimfinya Gesare. "Nyamaza wewe! Utafukuzwa. Huyo ana migomba yake, hatalala njaa."

Gesare akamtazama mzee akihangaika kufungua funguo kiunoni na kuziweka mezani. Akasimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilidhani ni uchafu."

Mkuu akanyanyua kiboko. Ombati akamzuia. "Kioo hakijaharibika, Bwana Mkuu. Tukibadilisha maji, utando utaota tena. Nawe Gesare, usichokijua, uliza kwanza."

"Nisamehe, baba," Gesare alimwambia Nyangau.

Mzee hakutabasamu. "Nimekusamehe. Lakini sikia, mtoto. Kioo kitaota utando mwingine. Mimi ningefika nyumbani Kiogoro nikiitwa mharibifu, jina langu lingeota wapi? Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

Mkuu akamsukumia funguo. Nyangau hakuzigusa.

"Mtoto ameomba radhi, Bwana Mkuu. Yako bado naingoja."

Mkuu akakohoa, akatazama chini.

"Samahani, mzee."

Ndipo Nyangau akachukua funguo zake.