Hanchifu ya Ombui

"Mapafu yangu ni ya chuma," Ombui alijigamba. "Vumbi la chai likiniona linapiga saluti."

Kisha akapiga chafya tatu.

Ilikuwa mwaka 1974, katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Nyacheki. Ombui na dada yake Persis walifanya kazi kwenye chumba cha kuchekechea chai kavu. Mashine zilitikisika kutwa. Vumbi la kahawia liliingia puani, masikioni, hata kwenye uji wa saa nne. Persis alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Huo ni moshi wa jikoni kwako," msimamizi Machogu alimwambia. "Mwezi ukiisha, baki huko huko na moshi wako."

"Yaya! Hapana!" Persis alikataa. "Jumamosi niko kanisani, kifua kinatulia. Jumapili nashinda jikoni, sikohoi. Jumatatu naingia hapa, naanza. Huo moshi unajua kalenda?"

Akaandika barua kwa ofisi ya kazi. Wiki ya pili akaja mkaguzi, Bwana Onyancha, na pampu ndogo ya betri. Alimfunga Ombui pampu kiunoni. Mpira mwembamba ukapanda hadi kwenye kola, na mwisho wake palikuwa na kikopo chenye karatasi nyeupe.

"Pampu inavuta hewa ile ile unayovuta wewe," alieleza. "Vumbi linanasa kwenye karatasi. Tunapima uzito wa karatasi kabla na baada. Fanya kazi kama kawaida."

Ombui alifanya kama kawaida, ila jambo moja. Mali ya serikali ichafuke? Alitoa hanchifu yake ya kanisani, akakifunika kikopo vizuri.

Jioni karatasi ilitoka nyeupe pe. Machogu aliichungulia, akacheka.

"Hewa safi kama ya mlimani! Persis, anza kuaga wenzako."

Persis hakuaga mtu. Aliivuta hanchifu iliyochungulia mfukoni mwa ndugu yake. Ilikuwa kahawia.

"Na hii je? Asubuhi ilikuwa nyeupe!"

"Kijana," Onyancha alisema, "umeiziba pampu yangu pua."

"Kesho nivalishe mimi," Persis alisema. "Nitasimama pale pale ninaposimama kila siku. Na mashine zote ziwe zinakwenda."

"Sasa wewe unaipangia serikali kazi?" Machogu aling'aka.

"Serikali haikohoi, Bwana Machogu. Mimi nakohoa."

Kesho yake karatasi ilitoka na rangi ya chai. Maabara ikathibitisha: vumbi limepita kiasi. Kiwanda kikaamriwa kufunika mashine na kuweka feni za kulivuta vumbi nje. Persis akapelekwa kwa daktari, na kazi yake ikabaki yake. Baada ya miezi mitatu Onyancha alipima tena, maana feni kupiga kelele si ushahidi kwamba inavuta vumbi. Safari hii karatasi ilibadilika rangi kidogo tu.

Siku ya soko, pale Daraja Mbili, Ombui aliwakusanya wauza ndizi.

"Nikamwambia mkaguzi: pima hapa, karibu na pua! Bila mimi, dada yangu angefukuzwa!"

"Ombui," sauti ikatoka nyuma yake. Alikuwa Persis, kikapu mkononi, hakohoi hata kidogo. "Waonyeshe hanchifu."