Mimi Ndiye Kaka Yake

“Samahani, namtafuta mama mkunga. Kasahau miwani yake.”

Fundi wa kuchomelea alisimama mlangoni mwa darasa la jioni la fasihi, shati limetobolewa na cheche. Ubaoni kulikuwa na orodha ya waandishi wakubwa wa Urusi, majina ya kutegua ulimi.

Mwanafunzi wa kiti cha mbele akamgeukia mkunga.

“Mama, yule kaka yako fundi amekuja.”

Fundi alimtazama mkewe. Mkunga aliinamia kitabu.

“Karibu, kaka,” mwalimu akasema. “Dada yako hutusimulia habari zako.”

Miaka kumi na tisa ya ndoa.

“Asante. Mimi ndiye kaka yake,” akajibu, akaweka miwani mezani, akaondoka.

Jioni ileile alikusanya nguo zake, akahamia chumba cha nyuma ya karakana. Kesho yake simu iliita.

“Mume wangu, rudi tuzungumze.”

“Kaka zako wanaishi kwao.”

“Nisikilize. Siku ya kwanza wanawake wa darasani waliulizana waume zao wamesoma nini. Nikaona aibu.”

“Aibu ya nini? Nimeiba?”

“Aibu ni yangu, si yako.”

“Mimi ndiye niliyekwambia ukasome. Miezi minane napika, nafua, nakula peke yangu, wewe uko na Warusi wako. Nikasema acha asome, elimu haina mwisho. Kumbe najichimbia kaburi.”

Akakata simu.

Wiki mbili zilipita. Mchana kulikuwa na wateja na mageti yao. Wakishaondoka, ukimya ulimkaba, mpaka akawa anawasha mashine bila kazi yoyote, ili tu asikie sauti. Alitafuna mkate mkavu akitazama ukuta.

Ujumbe ukaingia: “Ijumaa saa kumi na moja naeleza riwaya niliyosoma mbele ya darasa. Njoo. Usipokuja sitakulaumu.”

Alikwenda, akakaa kiti cha mwisho. Mkunga alisimama mbele, karatasi mkononi.

“Riwaya yangu ni ya mwanamke aliyemkana mumewe mbele za watu. Lakini kabla sijaanza, yule aliyekaa nyuma si kaka yangu. Ni mume wangu. Niliwadanganya kwa sababu hakuvuka shule ya msingi, nikaogopa mtanicheka. Humu ndani nimewahukumu watu wa vitabuni bila huruma. Nami nimefanya yaleyale.”

Fundi aliitazama mikono yake.

Kipindi kilipokwisha, mkunga alimfuata uani.

“Utarudi nyumbani?”

“Sijui. Umesema, nimesikia, lakini bado panauma.”

“Najua.”

Wanafunzi waliwapita wakiaga kwa adabu.

“Yule mume wa riwaya yako,” fundi akauliza, “alimsamehe mkewe?”

“Hakumsamehe. Alizeeka peke yake, katika nyumba ya vyumba kumi na viwili.”

“Kumi na viwili?”

“Ndiyo.”

Fundi alivuta pumzi ndefu. Yeye chumba kimoja tu kilikuwa kimemshinda.

“Twende,” akasema. “Ila leo usifungue kitabu. Ongea na mimi.”

Mkunga akaanza kuongea hapohapo, kabla hawajafika getini.