Kengele ya Kitanda cha Sita

Jua lilikuwa linazama fundi wa kompyuta aliporudi hospitali, akidai amesahau chaja. Uongo mtupu. Alikuja kufuta kichujio chake cha ujumbe, asijulikane, kabla wakubwa hawajakaa kikao kesho asubuhi.

Mwezi uliopita kengele ya kitanda cha sita ilimchosha. Ujumbe ulimiminika kwenye kioo cha kompyuta yake: "Kitanda 6: mgonjwa anaita." Alidhani kitufe kibovu. Badala ya kwenda kukitazama, hatua hamsini tu, akaweka kichujio cha kuficha kila mstari wenye maneno "Kitanda 6". Hakujua kwamba kingeificha kengele hata kwenye kioo cha muuguzi. Wala hakujua kwamba jioni ile ile shangazi yake, aliyemlea tangu anatambaa, alikuwa amehamishiwa kitanda hicho.

Shangazi alikata roho akiita. Na kesho muuguzi anafukuzwa kazi kwa kumpuuza.

Fundi akaondoa kichujio. Mistari ikafumuka. Ya mwezi uliopita... ya jana... ya dakika hii.

Kitanda 6: mgonjwa anaita.

Kitanda chenyewe kiko stoo, waya umekatwa! Akakirudisha kichujio haraka haraka. Kioo kikawa cheupe. Lakini chini kabisa, hesabu ya mistari iliyofichwa ilikuwa inapanda. Mia tatu na moja... na mbili...

Harufu ya dawa ya kuchua ikamjia puani. Ile ile ya magoti ya shangazi.

Mlango ukalia kwiii.

Alikuwa yule muuguzi, macho mekundu. "Kaka, umeona chochote huko?" alinong'ona. "Haki ya Mungu, sikuisikia kengele."

"Hakuna kitu, dada." Aliona aibu, na bado alisema.

Ting.

Mstari mmoja ukapenya. Haukuwa na maneno aliyoyazuia. Muuguzi akainama, akausoma polepole.

"'Kibonge, mbona huji?' Mh! Kibonge ni nani?"

Hakuna mtu hai aliyemwita hivyo. Lilikuwa jina la utotoni, la jikoni kwa shangazi. Harufu sasa ilikuwa nyuma ya shingo yake.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyeificha kengele. Wewe huna kosa. Kesho nitawaambia."

Muuguzi alimtazama, kisha akakaa sakafuni akalia. Fundi akakifuta kichujio kwa mara ya mwisho, kengele ikalia, naye akasubiri inyamaze.

Haikunyamaza.