Barafu Niliyoiweka Kabla ya Muuguzi

Gari la kaunti lilikuwa linatoka getini na mwili wa Bi Thelma. Mimi nimesimama uani, mikono bado imelowa...

Binti yake, Corinne, analifuata mbio. "Msimpasue mama! Mama alisaini!"

Wasomaji wangu, aliyemponza yule mama ni mimi.

Nimetangatanga miaka arobaini, nikaishia hapa Mesa, Arizona, dereva wa kampuni inayogandisha wafu. Unasaini ukiwa hai. Ukifa wanakuhifadhi kwenye baridi kali, wakitumaini tiba ya kesho itakuamsha.

Sheria ni moja. Barafu haimgusi mtu kabla muuguzi hajatamka kifo na kuandika saa.

Bi Thelma alikuwa mgonjwa wa kufa, na wiki mbili nilishinda kwake na makasha yangu ya barafu.

"Mzee Virgil, unaniangalia kama mpishi anayemngoja kuku."

"Kuku hana maneno mengi hivi, mama."

Akacheka, akakohoa. "Haya. Ila usinicheleweshe. Ubongo ukioza, nitaamka nini?"

Siku ile, saa saba mchana, pumzi yake ikakata. Nikatega sikio... kimya. Corinne yuko jikoni anampigia muuguzi. Nikaona dakika zinakwenda na ubongo wa yule mama.

Nikamzungushia barafu kichwani.

Muuguzi Yolanda akaingia, akagusa mto.

"Nani kaweka hii?"

Akatutazama, mimi na Corinne aliyetoka jikoni.

"Alikuwa amekufa, au mmemuua kwa baridi? Mimi siandiki saa hapa. Nawaita kaunti wampasue, wachunguze."

Akamgeukia Corinne. "Watu wa barafu wanaijua sheria. Ni wewe, dada?"

"Mimi nilikuwa jikoni! Mzee Virgil, si uwaambie?"

Nikainama kufunga kasha.

"Nilikuwa uani nyuma," nikasema. "Nimekuta hivi hivi."

Mpaka leo nasikia Corinne alivyoguna.

Kaunti walimpasua kichwa siku ya tatu. Kifaa cha moyo kifuani mwake kilionyesha alikufa dakika sita kabla ya barafu. Sikumuua. Na nilipokuwa namwekea, Yolanda, ambaye simu ilimkuta karibu, alikuwa nje anaegesha gari. Ningesubiri kidogo tu...

Ukikosea, sema hapo hapo, kabla hawajamtazama mwingine.

Ubongo ulikuwa umeshaharibika, hivyo Bi Thelma hakugandishwa, alichomwa. Corinne alihojiwa na polisi wiki sita juu ya barafu ile, mpaka nilipokwenda kusema kweli. Alihamia Oregon na barua zangu zinarudi hazijafunguliwa. Yolanda bado anauguza. Kampuni ilinifukuza. Sasa nafagia maegesho ya duka la matairi.