Kimya cha Wakili Makarius

Umeme ulikatika Kasulu asubuhi ile mawakili walipokuwa wanaanza semina ya kesi za ufilisi. Watu wakajazana dukani kwa Mwanaamina, karibu na mahakama, maana yeye alikuwa na jenereta la kuendeshea fotokopi. Uwimana, wakili wa Kibondo, alikuwa ameshuka kwenye basi muda si mrefu. Sketi yake nyeusi ilishika vumbi jekundu, lakini blauzi nyeupe ilikuwa safi, kwa sababu aliifunika kwa kitenge njia nzima. Mbele yake alisimama kijana mrefu wa suti ya kijivu, na lundo la karatasi mkononi.

"Mwakeye, kaka," Uwimana akamwamkia kwa Kiha. "Mimi nina kurasa nne tu. Nipishe."

"Mwakeye, dada. Nikikupisha wewe, na yule mama wa cheti cha ubatizo atataka."

"Basi mpishe na yeye."

Akawapisha wote wawili. Mwanaamina akasema mwanamume wa namna hiyo hajapata kuingia dukani kwake. Saa tatu Uwimana akaingia ukumbini, akamkuta yule yule wa suti ya kijivu amesimama mbele. Ndiye aliyekuwa mkufunzi, wakili Makarius wa hapo hapo Kasulu.

Kwa siku tatu walipanga meza kama mahakama wakajizoeza. Makarius aliwafundisha kuuliza swali moja, kisha kunyamaza mpaka jibu lije. Aliwaambia kwamba mtu aliyefilisika haji mahakamani na madeni peke yake, anakuja na aibu, na wakili asiyeiona aibu hiyo bado hajajifunza kazi. Uwimana aliyaandika maneno hayo. Makarius naye alimtazama yule dada alivyomtetea mdaiwa wa mazoezi bila kupaza sauti, moyo wake ukatulia kwake. Semina ilipokwisha, wakapeana namba.

Tangu hapo simu ililia Kibondo kila jioni.

"Wakili msomi, umekula?"

"Msomi anasonga ugali. Subiri, usije ukaunguza chakula cha watu."

Walitaniana, wakasali pamoja, kisha wakafanya mazoezi, maana Uwimana alikuwa amepata kesi yake ya kwanza ya ufilisi. Mteja wake alikuwa mjane wa Kabanga, fundi wa kushona, ambaye wadai walikuwa wametishia kumshtaki. Akitangazwa mufilisi na vyerehani vyake vikauzwa, hana pa kuanzia tena. Makarius alijifanya wakili wa wadai, Uwimana akajibu. Jioni moja Uwimana akasema, "Kinachonitisha ni kimoja. Ukimtaja marehemu mumewe, analia na kukubali lolote analoulizwa."

Jina la mjane hakulitaja, akadhani inatosha. Lakini mjane mwenye vyerehani vinane, Kabanga nzima ni mmoja.

Baada ya wiki mbili, mfanyabiashara wa vitambaa, mteja mkubwa kuliko wote aliokuwa nao Makarius, alimletea jalada. Alitaka fundi mmoja wa Kabanga atangazwe mufilisi. Makarius alisoma ukurasa wa kwanza akalifunga. Alichokijua hakuweza kukitumia, na aliyoambiwa na mteja hakuweza kumwambia Uwimana. Tarehe saba akaandika barua ya kujitoa. Mfanyabiashara akakasirika, akachukua na kesi zake nyingine zote.

Akauogopa na ulimi wake. Uwimana angemuuliza maswali mawili tu, angesema yote. Si yeye mwenyewe aliyemfundisha? Akamtumia ujumbe: "Nipe muda. Siwezi kuongea." Simu zilizofuata hakupokea.

Uwimana alidhani anaumwa. Kezia, mwenzake wa ofisini, akapiga Kasulu kuuliza, akaambiwa Makarius ni mzima, Jumapili alikuwa kanisani.

"Mtu mzima wa afya anashindwaje kuongea?" Uwimana akasema. "Amepata mwingine." Akaifuta namba, ingawa alikuwa ameishika kichwani.

Siku ya kesi ikafika, Mahakama Kuu ilipokuja kuketi Kasulu. Uwimana alivaa joho jeusi, kola nyeupe imenyooshwa. Upande wa pili alisimama wakili mzee, Nsengimana. Jaji alimuuliza kwa nini nyaraka zake zimechelewa. Akajibu kwamba jalada lilimfikia kwa kuchelewa, kwa sababu wakili wa mwanzo, Makarius, alijitoa tarehe saba.

"Kwa sababu gani?"

"Mheshimiwa Jaji, barua ina mstari mmoja. Kwamba anajua jambo ambalo hakupaswa kulijua, na hawezi kulisema wala kulitumia."

Tarehe saba ndiyo siku simu iliponyamaza. Uwimana akakumbuka alichomwambia jioni ile, uso ukamwaka.

Mzee Nsengimana alimhoji mjane asubuhi nzima, na marehemu mumewe hakumtaja hata mara moja. Mjane alijibu kwa utulivu. Mchana ule jaji akamtangaza mufilisi, lakini vyerehani akamwachia, kwa kuwa ni vifaa vya kazi yake.

Uwimana alipiga simu akiwa barazani, joho bado mwilini. Ilipokelewa mara moja.

"Nimesikia kesi imekwisha," Makarius akasema. "Lakini usiniulize kitu. Hata leo siwezi kukujibu."

"Sikuulizi ya kwako, nakwambia ya kwangu. Nilikosa mimi. Siri ya mteja niliitia kwenye maongezi ya mapenzi."

"Na mimi nilikosa. Ningekwambia angalau kwamba sijakuacha."

"Na mteja umempoteza."

"Nimempoteza. Sasa ofisini viti vinatazamana vyenyewe."

Uwimana akacheka, machozi yanamtoka. "Sasa tukioana, watu wawili wenye midomo ya kufungwa, mezani tutaongea nini?"

"Umesema tukioana?"

"Nimesema. Andika kwenye kumbukumbu."

Makarius akavuta kalenda. "Basi Jumapili baada ya ibada nakuja Kibondo na mjomba wangu, na barua ya posa. Baba yako hupenda kuongea nini?"

"Kahawa, mvua na Injili."

"Hayo hayana siri," akasema Makarius. "Hayo tutaongea mpaka tuzeeke."