Dakika Ishirini za Mkandahewa

Bibi mmoja aliteleza kwenye ngazi za soko kuu la Kondoa, na kabla hajafika chini, mkanda kiunoni mwake ulifura pande zote mbili kama mito ya kulalia. Aliinuka, akakung'uta kanga, akawaambia waliomzunguka wamwokotee nyanya zake kwanza.

Chombo hicho kiliitwa mkandahewa, na aliyekibuni ni mhandisi Hidaya Isere. Kabla yake, wodi za mifupa zilijaa wazee waliovunjika nyonga, wengi wao wanawake. Kuanguka kidogo tu bafuni kulitosha. Baadhi hawakutembea tena. Wengine hawakumaliza mwaka. Akili ya mashine ndani ya mkanda ilitambua mwili unaanguka kabla mwenyewe hajatambua.

Lakini haikujua kusujudu. Mzee akishuka kwa haraka kuweka paji la uso chini, mkanda ulifura na kumbinua ubavu katikati ya safu, na watu wakacheka. Bi Sikitu, mama yake Hidaya, alimwambia amechoka kuwa puto mbele ya Mola wake. Basi Hidaya aliandika amri fupi: kila kipindi cha swala, mikandahewa yote ilale dakika ishirini. Wazee walimwombea dua.

Alhamisi moja Bi Sikitu aliinuka kutoka sijida ya Adhuhuri, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka. Mkanda ulikuwa umelala.

Hidaya aliketi kando ya kitanda hospitalini, akamweleza mama yake yote. Alikuwa amefungua kumbukumbu za mashine, akazilinganisha na za wodi za mifupa. Katika miezi minne, wazee sitini na watatu walikuwa wamevunjika nyonga ndani ya zile dakika ishirini, wengine kwenye sakafu yenye maji ya udhu. Hakuna aliyelalamika. Waliona ni kudra.

"Niliyekuomba ni mimi," Bi Sikitu alisema.

"Uliomba usichekwe, mama. Kuulaza nilichagua mimi, na sikumwambia mtu hatari yake."

Bi Sikitu alifumba macho kwa maumivu. "Basi uamshe. Alasiri haijafika."

Hidaya alisema watachekwa tena.

"Waambie kwanza kwa nini. Usiwafiche kama ulivyonificha mimi."

Hidaya alifuta ile amri, kisha akatuma sauti yake kwenye kila mkanda. Aliwaeleza wazee kosa lake, akawataja wale sitini na watatu na mama yake, akawasihi wavae hata wakiswali.

Adhana ya Alasiri ilipokwisha, Bi Sikitu aliswali akiwa amelala, kwa ishara ya macho. Hidaya alitazama kioo cha simu mkononi, ambako kila mkanda uliovaliwa ulikuwa nukta ya kijani. Nukta zilianza kuzimika, kumi, mia, mtaa kwa mtaa. Mzee mmoja wa kijiji cha Kolo alimjibu kwa sauti ya upole kwamba wamemwelewa, wamemsamehe, na wanamwombea mama yake apone.

Kisha nukta yake nayo ikazimika.