Kikapu cha Kahawa Mapokezini

Kila asubuhi Dafroza alipanda bodaboda kutoka Ihanda kwenda Kayanga, kwenye hoteli ndogo ya Mzee Gharib. Alikuwa mhudumu wa mapokezi. Mgeni akiingia, Dafroza humpa mkono, humwuliza habari za safari, kisha humletea kikapu cha akamwani, kahawa kavu ya kutafuna. Kikapu kimoja, mikono ya wote. Kwao ndivyo mgeni anavyokaribishwa, na asiyefanya hivyo huonekana mchoyo.

Kisha redio ikatangaza kipindupindu katika wilaya jirani. Hotelini hapakuwa na mgonjwa hata mmoja, lakini nani atasikia? Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Semina zikaahirishwa. Wanunuzi wa kahawa wakaenda kulala kwa ndugu zao. Mpishi Telesfori na mfua mashuka Adventina wakaambiwa warudi nyumbani kwanza.

“Binti yangu, vyumba vikibaki vitupu hadi mwisho wa mwezi, nafunga,” alisema Mzee Gharib. “Na wewe itabidi uende.”

Dafroza aliumia sana. Mama yake na watoto wake walikula kwa kazi hiyo. Akaamua kuwakaribisha wageni wachache waliobaki kwa moyo zaidi. Akajaza kikapu pomoni.

Mchana akaingia mwanamke mmoja mwenye mkoba. Dafroza akamshika mkono kwa nguvu, akamsogezea kikapu. Mgeni akatazama vidole vya dereva mmoja aliyekuwa akichota kahawa humo, akasema, “Asante dada, nitatafuta pengine.”

“Ana maringo yule!” Jioni Dafroza alimlalamikia jirani yake Kemirembe, mhudumu wa afya wa kijiji. “Nimempa kahawa, kaikataa kama sumu!”

Kemirembe akacheka. “Hajakukataa wewe, mwanangu. Kaikataa mikono. Vijidudu vya kipindupindu hutoka kwenye kinyesi cha mgonjwa. Huingia mdomoni kwa maji machafu, chakula kichafu na mikono isiyooshwa. Kikapu chako kinaingia vidole vya watu wangapi?”

“Kwa hiyo niache mila yetu, mama?”

“Nani kakwambia uache? Bibi zetu walifunga kahawa kwenye jani la mgomba. Nawa kwa sabuni, babua jani motoni, chota kwa kijiko, kila mgeni na kifurushi chake. Weka mlangoni ndoo ya maji yenye koki, na sabuni. Maji ya kunywa yachemshwe. Chakula kiliwe cha moto. Choo kisafishwe kila mara. Na mgeni ayaone hayo kwa macho yake.”

Dafroza alipomweleza hayo, Mzee Gharib alikuna kichwa, kisha akanunua ndoo. Dafroza naye akaacha kushikana mikono. Aliweka kiganja kifuani, akainama kidogo, akatabasamu. Mwanzoni hakuja mtu. Kisha mfanyabiashara mmoja kutoka Kyerwa akalala, akawasimulia wenzake. Wakaja. Waliokuwa wameahirisha semina nao wakauliza kama ukumbi upo.

Mzee Gharib akapiga simu Igurwa, kijijini kwa mpishi wake. Siku hiyohiyo Telesfori alifika mbio kutoka shambani, udongo ungali kwenye kucha. Akanyoosha mikono amkumbatie Dafroza.

Dafroza akarudi nyuma, machozi ya furaha yakimlengalenga, akamwonyesha ndoo.

“Nawa kwanza, mpishi. Wageni wanasubiri chakula.”